Determinanti Ibaki au Iondoke?

Mwaka 1995 mwanahisabati wa Marekani, Sheldon Axler, alichapisha katika jarida la American Mathematical Monthly makala iliyotaka determinanti zing'olewe kutoka kiti cha mbele cha somo la aljebra ya mstari. Hoja yake ilikuwa kwamba determinanti ni ngumu, hazionyeshi kinachoendelea ndani ya hesabu, na mara nyingi mwanafunzi hukabidhiwa kanuni bila kuambiwa imetoka wapi. Katika kitabu cha kiada alichotoa wakati huohuo, alizisogeza hadi sura ya mwisho.

Kwa aliyesoma Kidato cha Nne Tanzania, au aliyepitia mfumo wa 8-4-4 Kenya, pendekezo hilo linagusa penyewe. Wengi wametoka shuleni na jambo moja tu kuhusu matriksi: zidisha kwa mshazari, toa, na ukipata sifuri andika kwamba haina kinyume. Je, hicho ndicho kipimo kinachostahili kubaki kichwani?

Sauti tatu zimewekwa hapa kulijibu swali hilo. Ni za kubuni, ila watu wa namna hiyo wapo. Wa kwanza ni Mwalimu, mstaafu aliyefundisha hisabati ya sekondari maisha yake yote ya kazi. Wa pili ni Mhandisi wa programu, aliyekaa darasani kwa Mwalimu huyohuyo. Wa tatu ni Binti anayesoma uchumi chuo kikuu, na ndiye anayeuliza kwanza.

"Mwalimu, kabla hatujafika kwenye determinanti, mimi sijawahi kuelewa kuzidisha kwenyewe. Kujumlisha matriksi ni rahisi, unajumlisha kila namba na mwenzake. Kwa nini kuzidisha tusifanye vivyo hivyo? Kwa nini safu mlalo iende kukutana na safu wima?"

"Kwa sababu ndivyo kanuni inavyosema, binti yangu," Mwalimu anajibu, kisha anajisahihisha mwenyewe kwa kumgeukia Mhandisi. "Hebu mwonyeshe kwa mfano."

Mhandisi anachora jedwali. Jumatatu familia imenunua unga kilo 3 na sukari kilo 2. Jumanne imenunua unga kilo 5 na sukari kilo 4. Hizo ni safu mlalo mbili. Pembeni anachora jedwali la bei za maduka mawili: duka la kwanza linauza unga shilingi 2,000 na sukari 3,000, la pili linauza unga 1,900 na sukari 3,200. Kila duka ni safu wima yake.

"Sasa nani atataka kuzidisha kilo za Jumatatu kwa bei moja tu na kuacha nyingine? Tunachotaka ni jumla. Jumatatu katika duka la kwanza: 3 mara 2,000, ongeza 2 mara 3,000, unapata 12,000. Katika duka la pili, 12,100. Jumanne, 22,000 na 22,300. Hayo majibu manne ndiyo matriksi mpya. Safu mlalo imekutana na safu wima kwa sababu kilo za siku moja zinakutana na bei za duka moja."

Binti anaitazama karatasi. "Na ndiyo maana upana wa jedwali la kwanza lazima ulingane na urefu wa la pili. Bidhaa zikiwa mbili, bei nazo ziwe mbili."

Hapo Mwalimu anaingia, maana ana la kuongeza ambalo jedwali la duka halilionyeshi. Arthur Cayley, Mwingereza aliyekuwa mwanasheria London kwa miaka 14 huku akiandika hisabati, ndiye aliyeweka kanuni hii katika makala yake maarufu ya mwaka 1858. Yeye hakuwa na maduka akilini. Alikuwa anafuatisha mageuzi mawili, moja baada ya jingine, na akauliza ni geuzo gani moja linalofanya kazi ya yote mawili. Zao la matriksi ndilo jibu.

"Na ndiyo maana mpangilio una maana," Mwalimu anasema. "Chukua nukta (3, 1). Iakisi kwenye mhimili wa x, inakuwa (3, -1). Kisha izungushe nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa, inatua (1, 3). Anza upya: izungushe kwanza, inakuwa (-1, 3). Ndipo uiakisi. Inatua (-1, -3). Kazi ni zilezile mbili, lakini nukta zimeachana kabisa. Mwanafunzi anayedhani A mara B ni sawa na B mara A hajakosea hesabu. Amekosea kuelewa kinachofanyika."

Katika hatua hii wote watatu wako upande mmoja. Mgogoro unaanza pale Binti anapogeuza swali: tukiwa na kilo na jumla ya fedha, lakini bei zimesahaulika, tunaweza kurudi nyuma?

Kurudi nyuma ndiko kunakoitwa kutafuta kinyume. Kilo 3 za unga na 2 za sukari ziligharimu 12,000. Kilo 5 na 4 ziligharimu 22,000. Mhandisi anazidisha mstari wa kwanza kwa mbili, anapata kilo 6 na 4 kwa 24,000, anatoa mstari wa pili, na kilo moja ya unga inabaki peke yake ikiwa na bei yake: shilingi 2,000. Sukari inafuata, 3,000.

"Sasa fikiria Jumanne familia ingenunua mara mbili ya Jumatatu: unga kilo 6, sukari kilo 4, jumla 24,000," anaendelea. "Unga ukiwa 2,000 na sukari 3,000, hesabu inakubali. Unga ukiwa 1,000 na sukari 4,500, inakubali pia. Risiti ya pili haikuleta habari yoyote ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Hakuna kanuni duniani itakayokurudishia bei hizo, kwa sababu hazimo katika karatasi."

"Na determinanti inakwambia hivyo kwa mstari mmoja," Mwalimu anadakia. "3 mara 4 ni 12. 2 mara 6 ni 12. Toa, sifuri. Kwisha. Katika mfano wa kwanza, 12 toa 10, mbili. Kinyume kipo. Unataka nini zaidi? Determinanti ni kongwe kuliko matriksi zenyewe. Seki Takakazu alizifikia Japani mwaka 1683, Leibniz akaziandika katika barua yake ya mwaka 1693 Ulaya. Cayley alikuja miaka zaidi ya mia na hamsini baadaye."

"Mwalimu, kama tunashindana kwa ukongwe, nimeshakushinda," Mhandisi anajibu kwa upole. "Njia ya kuondoa, hii ya kutoa mstari mmoja kutoka kwa mwingine, imo katika kitabu cha kale cha Wachina cha sura tisa za hisabati, ambacho Liu Hui alikiandikia maelezo mwaka 263. Wao walipanga namba katika safu wima ubaoni, wakaziondoa moja moja, kama tulivyofanya hapa na unga."

Lakini silaha yake kubwa si historia. Ni gharama.

Kanuni ya mshazari ni nyepesi kwa matriksi ya 2 kwa 2. Ukiipanua kwa njia inayofundishwa shuleni, ile ya kufuta safu na kubaki na matriksi ndogo zaidi, idadi ya mazao inakua kwa namna ya kutisha. Matriksi ya 3 kwa 3 ina mazao 6 ya kujumlisha. Ya 4 kwa 4 ina 24. Ya 20 kwa 20 ina 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta inayomaliza mazao bilioni moja kila sekunde ingehitaji takribani miaka 77 kwa matriksi hiyo moja. Njia ya kuondoa huimaliza kwa kuzidisha mara elfu chache, kazi isiyofikia hata kupepesa jicho.

Mwalimu hakatai namba hizo. Anachokataa ni hitimisho. "Umenilinganisha na namna mbaya kuliko zote za kutafuta determinanti. Ondoa kama unavyotaka. Katika mfano wako wa soko, egemeo la kwanza, yaani namba unayogawanyia unapoondoa, ni 3. Ukishaondoa, egemeo la pili ni theluthi mbili. Zidisha maegemeo: 2. Ndiyo determinanti ileile. Njia yako inaizaa determinanti kama zao la pembeni, bila malipo ya ziada. Tunagombana nini?"

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyosikika, na upande wa Axler hauwezi kuipuuza. Watu wakisema determinanti ni ghali, mara nyingi wanachokilaumu ni namna ya kufundisha. Hata hivyo Mhandisi ana jibu, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo jibu bora katika mjadala mzima.

"Tunagombana kuhusu namba hiyo inasema nini ukishaipata. Umetufundisha kuuliza: ni sifuri au si sifuri? Katika kompyuta, na katika maisha, namba hazifiki zikiwa safi. Twende kwa muuza jumla. Oda ya kwanza: unga kilo 100, sukari kilo 99, jumla 497,000. Oda ya pili: unga kilo 99, sukari kilo 98, jumla 492,000. Tafuta determinanti."

Mwalimu anahesabu. "9,800 toa 9,801. Ni -1. Si sifuri. Kinyume kipo, na bei zinatoka 2,000 na 3,000."

"Sawasawa. Sasa karani akosee shilingi 10. Aandike 492,010."

Safari hii Binti ndiye anayehesabu, na anarudia mara mbili kabla ya kutamka. Unga umekuwa shilingi 2,990. Sukari imekuwa 2,000. Kosa la shilingi kumi katika karibu laki tano limezigeuza bei zote mbili, na unga sasa ni ghali kuliko sukari.

"Determinanti haikukuonya, Mwalimu. Ilisema -1, namba ya kawaida kabisa. Oda mbili zile zinafanana mno. Habari iliyomo katika tofauti yao ni nyembamba sana. Upande wa pili, chukua matriksi ya 10 kwa 10 yenye 0.1 katika mshazari na sifuri kwingine kote. Determinanti yake ni 0.0000000001. Ungeiona ungesema imeshakufa. Kinyume chake ni kuweka 10 mahali pa kila 0.1, na hakuna kosa linalokuzwa kuliko mengine. Kwa hiyo determinanti ndogo si dalili ya hatari, na determinanti ya wastani si dalili ya usalama."

Jambo hili lilishughulisha vichwa vikubwa mara tu kompyuta zilipoanza kujengwa. John von Neumann na Herman Goldstine walichapisha mwaka 1947 uchunguzi mrefu kuhusu kutafuta kinyume cha matriksi kubwa kwa mashine. Mwaka 1948 Alan Turing, yuleyule wa kuvunja siri za kivita, aliandika kuhusu makosa ya kukata desimali katika hesabu za matriksi na akapendekeza namba ya kupimia hali ya matriksi: kosa dogo linaloingia linaweza kukuzwa mara ngapi likitoka. Kipimo hicho ndicho programu za leo hukitegemea pale zinapomwonya mtumiaji kwamba jibu halitegemeki. Katika oda za muuza jumla kinakaribia 40,000. Katika ile matriksi ya 0.1 ni 1, kiwango bora kabisa.

Ni wazi hapa kwamba swali la ndiyo au hapana halitoshi kwa mtu anayepima vitu halisi. Anahitaji kujua ni ndiyo ya namna gani.

Mwalimu anakaa kimya kidogo. Akirudi, harudi sokoni.

"Kuna dunia ambazo hazina karibu, mwanangu. Mwaka 1929 Mmarekani Lester Hill alichapisha njia ya kuficha ujumbe kwa matriksi. A ni 0, B ni 1, hadi Z, 25. Unachukua herufi mbilimbili, unazizidisha kwa matriksi, na kila kinachozidi unakigawanya kwa 26 na kuchukua baki. Anayepokea anatumia kinyume. Hapo hakuna desimali, hakuna karani wa kukosea shilingi kumi. Sasa nikupe matriksi yako ya soko, 3 na 2, 5 na 4. Sokoni ilikuwa na kinyume. Humu je?"

Mhandisi anatabasamu, ameshaona. Binti bado.

"Determinanti ni 2," Mwalimu anamwelekeza. "2 na 26 zinagawanyika kwa pamoja. Hiyo inatosha kuikataa. Jaribu jozi AA, yaani 0 na 0. Inatoka 0 na 0. Jaribu AN, yaani 0 na 13."

Binti anazidisha. 2 mara 13 ni 26, baki 0. 4 mara 13 ni 52, baki 0. "Inatoka AA vilevile! Kwa hiyo anayepokea AA hawezi kujua iliandikwa AA au AN."

"Habari imepotea, kama risiti ya Jumanne ya kaka yako. Na determinanti moja imetupa majibu ya dunia mbili: sokoni 2 inafaa, katika herufi 26 haifai. Weka 3 na 3 juu, 2 na 5 chini, determinanti ni 9, haina kigawo kinachoshirikiana na 26, na ujumbe unarudi salama. Sasa wewe wa kuondoa: nakupa 2 na 13 juu, 13 na 2 chini. Anza. Utagawanya kwa nini? Katika hesabu hii ya baki, huwezi kugawanya kwa 2 wala kwa 13. Huna egemeo hata moja. Lakini determinanti, 4 toa 169, baki yake ni 17, na 17 haishirikiani na 26. Kinyume kipo!"

Hilo ni pigo la kweli, na Mhandisi analichukulia kwa uzito. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Kisha anajumlisha mstari wa pili kwenye wa kwanza. Juu sasa pana 15 na 15, na 15 haina kigawo cha pamoja na 26. Egemeo limepatikana.

"Nimepita, Mwalimu. Lakini nakiri ilibidi nitafute mlango, na wewe ulishaingia."

Binti anarudisha mazungumzo kwenye uchumi, ambako hakuna aliyemuuliza lakini ana haki ya kusema. Wassily Leontief, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973, aligawa uchumi wa Marekani katika sekta 500 akitumia takwimu za serikali. Mwaka 1949, pale Harvard, ilibidi azibane hadi milinganyo 42 yenye visivyojulikana 42, kwa sababu kompyuta ya Mark II haikuweza zaidi, na hata hiyo iliichukua saa 56. Swali lilikuwa lilelile la kurudi nyuma: watu wakitaka kiasi fulani cha bidhaa, kila sekta izalishe kiasi gani, ikizingatiwa kwamba chuma kinahitaji umeme na umeme unahitaji chuma?

"Darasani kwetu tunaanza na kuzidisha," anasema. "Zalisha kinachotakiwa. Halafu zalisha kinachohitajika kukizalisha: zidisha kwa matriksi A, ile inayoonyesha kila sekta inahitaji nini kutoka kwa nyingine. Halafu mahitaji ya mahitaji: zidisha tena. Ukijumlisha mizunguko yote, unafikia kinyume chenyewe. Ni kama kila shilingi ya bidhaa inameza nusu shilingi ya bidhaa nyingine: 1, ongeza 0.5, ongeza 0.25, unakwenda hivyo hadi 2, na 2 ndicho kinyume cha 1 toa 0.5. Kama mizunguko haipungui, uchumi unameza zaidi ya unachotoa, na hiyo jumla haifiki popote. Kwa hiyo mimi kinyume nimekiona kwa kuzidisha. Sikuhitaji determinanti wala kuondoa."

Mwalimu anafurahi kuliko alivyofurahi jioni yote. Hakuwahi kuifundisha hivyo.

Mwandishi wa makala hii hajifichi nyuma ya sauti hizi. Axler alilenga wanafunzi wa chuo kikuu, na alizisogeza determinanti mwisho bila kuzifuta. Kuibeba rai yake nzimanzima hadi Kidato cha Nne kungekuwa kumsoma vibaya. Lakini kilio chake kinastahili kusikilizwa Dodoma na Nairobi. Mtoto anayetoa 12 kwa 12, akapata sifuri na kuandika "haina kinyume", amepata alama zake bila kujua kwamba kuna kitu kimepotea, na kimepotelea wapi. Ianze risiti inayojirudia. Ifuate njia ya kuondoa, ambayo mwanafunzi anaifahamu tayari kutoka milinganyo sambamba. Determinanti ije ya tatu, ikiwa imeshapata kazi ya kufanya.

Mwalimu bado ana karata moja. Ni swali la mtihani, la aina ambayo kila mtahiniwa ameiona: matriksi ina k na 2 juu, 8 na k chini; ni thamani zipi za k zinazoinyima kinyume?

"Ondoa hiyo," anamwambia Mhandisi.

Mhandisi anaanza kugawanya kwa k, anasita, maana k inaweza kuwa sifuri, na anaona itambidi agawe kazi katika matawi mawili. Determinanti inasema k mara k toa 16, kwa hiyo k ni 4 au -4. Mstari mmoja. Anaweka kalamu chini.

"Hili ni lako, Mwalimu. Ila swali lako limeishia njiani. Ongeza kipengele cha pili: k ikiwa 4, tafuta jozi mbili tofauti zinazotoa jibu moja."

Wote wawili wanamgeukia Binti. Juu 4 na 2, chini 8 na 4. Anajaribu 1 na 0, anapata 4 na 8. Anatafuta kidogo, kisha anajaribu 0 na 2. Inatoka 4 na 8.

"Na k ikiwa -4?" Mwalimu anauliza, naye ameshaanza kuandika upya swali lake pembeni ya karatasi.

"1 na 0 inatoa -4 na 8," Binti anasema. "Nadhani mwenzake ni 0 na -2. Ngoja nihakikishe."